Muhuri Bila Mkoba: Historia Fupi ya Kamati za Shule Tanzania

Majuma machache yaliyopita nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule ya msingi iliyo karibu na ninapoishi. Shule ina wanafunzi wapatao 600. Wazazi tuliofika hatukuzidi 25. Ajenda kubwa ilikuwa choo cha wasichana, ambacho shimo lake lilititia wakati wa masika. Mwenyekiti wa kamati ya shule alisoma makadirio ya fundi, kisha akamgeukia mwalimu mkuu, ambaye kwa utaratibu ndiye katibu wa kamati. Mwalimu mkuu akafungua daftari na kusoma kiasi kilichoingia benki mwezi ule. Kila mmoja wetu aliweza kuona bila kupiga hesabu kwamba fedha zile zisingefika popote. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Serikali ilisema elimu ni bure. Basi na choo ikijenge yenyewe." Watu wakaguna kwa kukubali. Tukaazimia kumwandikia barua mkurugenzi wa halmashauri, mwenyekiti akagonga muhuri wa kamati, kikao kikafungwa.

Nilirudi nyumbani nikiufikiria muhuri ule. Kisheria kamati ya shule ni chombo cha wananchi cha kusimamia shule yao. Ina mwenyekiti, ina wajumbe, ina mihtasari. Lakini siku ile mamlaka yake yote yaliishia kwenye barua ya maombi. Ni rahisi kusema kwamba wazazi wa siku hizi wamekuwa wavivu, au kwamba serikali imewatelekeza. Kauli hizo mbili huzisikia kila siku, na zote mbili zinaruka historia.

Hoja yangu katika makala haya ni hii: kwa karibu miaka 100, dola katika nchi yetu imekuwa ikitenganisha haki ya kuamua juu ya shule na fedha za kuiendesha. Wananchi wameachiwa uamuzi pale ambapo hapakuwa na fedha, na fedha zilipopatikana uamuzi ulipanda ngazi. Kipindi kimoja tu, tena kifupi, kilijaribu kwa dhati kuviweka vitu hivyo viwili mahali pamoja. Ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake, sheria yake na historia yake ya elimu.

Hazina za wenyeji

Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, utawala wa Kiingereza ulitunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Sehemu ya kodi iliyokusanywa kupitia machifu ilibaki katika hazina za mamlaka hizo, na kutoka humo zikaendeshwa baadhi ya shule. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya elimu ya Waafrika iliyoimarisha utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali masharti na ukaguzi wa serikali. Shule ndogondogo za vijijini zilizofundisha zaidi dini na kusoma hazikuguswa na ruzuku hiyo.

Mambo mawili yalizaliwa hapo, na hayajatutoka. La kwanza ni kwamba ruzuku ya serikali huja na masharti yake, na anayeipokea hukabidhi sehemu ya uamuzi wake. La pili ni kwamba shule inayotegemea hazina ya mahali hufuata utajiri wa mahali. Kilimanjaro na Bukoba, kwenye kahawa na misheni nyingi, watoto walipata madarasa mapema kuliko wenzao wa maeneo makavu yasiyokuwa na zao la kuuza. Tunaposifia elimu inayomilikiwa na jamii, tukumbuke pia kwamba jamii hazikuanza mbio kwenye mstari mmoja.

Wapo waliokataa kusubiri. Mwaka 1955, ndani ya vuguvugu la TANU, iliundwa TAPA, jumuiya ya wazazi wa Kiafrika Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Jumuiya ya Wazazi. Jumuiya hiyo ilifungua shule zake nje ya mfumo wa ruzuku. Huko wazazi waliamua kila kitu kwa sababu walilipia kila kitu, na mara nyingi walichoweza kulipia kilikuwa kidogo mno: kibanda, ubao na kijana aliyemaliza darasa la nne.

Halmashauri zilizolemewa

Wakati wa uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne. Kufikia mwaka 1967 walikuwa wapatao 825,000. Sheria mpya ya elimu, iliyoanza kutumika mwaka 1962, ilifuta utaratibu wa kuwagawa watoto kwa rangi, na jukumu la shule za msingi likawekwa kwa halmashauri za wilaya.

Kwa nadharia huu ulikuwa mpangilio mzuri. Halmashauri ilichaguliwa, ilikusanya kodi yake na ushuru wa mazao, na iliendesha shule zake. Ila idadi ya watoto ilikua upesi kuliko kodi. Mvua ikikosekana, au bei ya pamba ikishuka, halmashauri ilishindwa kulipa mishahara ya walimu. Mwaka 1969 serikali kuu iliifuta kodi hiyo ya halmashauri pamoja na ushuru wa mazao, ikachukua mzigo mkubwa wa gharama za elimu ya msingi. Mwaka huohuo sheria mpya ya elimu ikaiwezesha kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa.

Sera iliyozivunja iliitwa Madaraka Mikoani, na ilibuniwa kwa msaada wa washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa la kugatua, lakini waliopelekwa mikoani na wilayani walikuwa maofisa wa serikali kuu. Ni haki kusema kwamba serikali ilifanya hivyo kwa nia njema: ilitaka mtoto wa Dodoma asiadhibiwe kwa kuzaliwa mahali pasipo na kahawa. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Lakini katika hatua zilezile zilizomwondolea mzazi mzigo, chombo cha karibu ambacho mzazi huyo angeweza kukihoji kiliondoka.

Matofali ya baba

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Fedha za kufanya hivyo kwa njia ya kawaida hazikuwapo. Kwa hiyo vijiji vikaambiwa vijenge, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo bado msingi wa vyombo hivi, iliweka kamati kwa shule za msingi na bodi kwa sekondari.

Basi kamati ya shule, kama chombo cha sheria, ilikua katika mazingira hayo. Kazi yake kubwa ya kila siku ilikuwa kuhamasisha nguvukazi. Mtaala ulitoka wizarani, walimu walipangwa na serikali, mishahara ikatoka hazina. Kilichobaki kwa kamati kilikuwa tofali, mchanga na utoro.

Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya kijiji chetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ninakumbuka akina mama wakibeba maji kutoka mtoni, wanaume wakikanyaga udongo, na tanuri la matofali likiwaka usiku kucha. Yale madarasa mawili yaliyojengwa wakati ule bado yamesimama. Watu waliyaita "madarasa yetu", na walimaanisha hivyo.

Ila nina kumbukumbu nyingine, na ningekuwa mwongo nikiificha. Kutokana na mtikisiko wa uchumi, tangu katikati ya miaka ya 1980 wazazi walirudishiwa gharama, katika shule za msingi kwa jina la mchango wa UPE na michango mingine iliyoongezeka juu yake. Kamati yetu ilikubaliana kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajalipa arudishwe nyumbani. Baba alikuwapo kwenye kikao hicho na aliunga mkono. Juma lililofuata nilirudishwa mimi. Nilimkuta anapalilia. Hakunikemea wala hakunieleza neno. Nilikaa nyumbani siku nne, mpaka fedha za pamba zilipolipwa. Jirani yetu mmoja, msichana aliyekuwa akinishinda hesabu, yeye hakurudi tena.

Kwa hiyo ninaposikia wenzangu wakiitamani enzi ya wazazi kuchangia kama enzi ya wananchi kumiliki shule, huwa namkumbuka msichana yule. Kufikia mwaka 2000 uandikishaji wa jumla katika shule za msingi, uliokuwa umepita asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Kamati zilikuwa na uamuzi, na uamuzi mchungu kuliko yote uliokuwa mikononi mwao ulikuwa ni nani atolewe darasani.

Akaunti ya benki

Mwaka 2001 ada na michango ya lazima katika shule za msingi vilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliodumu katika awamu yake ya kwanza hadi 2006. Wanafunzi waliongezeka kutoka chini kidogo ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005.

Wengi wanaukumbuka MMEM kwa madarasa. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi lilikuwa akaunti ya benki. Kwa mara ya kwanza shule za msingi nchini kote zilitakiwa kuwa na akaunti zinazosimamiwa na kamati, mpango wa maendeleo uliojadiliwa na wazazi, na ubao wa matangazo wa kubandika mapato na matumizi. Kulikuwa na ruzuku ya maendeleo kwa ajili ya ujenzi, na ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi, ambayo walimu wameizoea kwa jina la kapitesheni. Kiwango kilichopangwa kilikuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, zilizokuwa sawa na takribani shilingi 10,000 za wakati ule.

Sisemi mambo yalikwenda sawa. Fedha zilichelewa, na zilizofika mara nyingi zilikuwa pungufu ya zilizoahidiwa. Kamati nyingi zilikabidhiwa vitabu vya hesabu bila mafunzo ya kutosha. Ziko shule ambako mwalimu mkuu na mwenyekiti walikula pamoja, na wajumbe wengine wakatia saini wasichokisoma. Hata hivyo mzazi wa kijijini alipata swali jipya la kuuliza. Zamani aliuliza, "Tunadaiwa kiasi gani?" Sasa aliweza kuuliza, "Zimeingia kiasi gani, na zimefanya nini?"

Wakati huohuo kisima cha chini kilikuwa kikikauka. Halmashauri zilizorudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984 zilitegemea sana kodi ya maendeleo. Kodi hiyo, iliyochukiwa kwa haki kwa sababu ya namna ilivyokusanywa kwa mgambo na vizuizi vya barabarani, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo. Tangu hapo halmashauri ziliegemea zaidi ruzuku ya hazina kuu. Shule ilikuwa na akaunti yake, lakini bomba lilikuwa moja, na koki ilikuwa mbali.

Shilingi 500 kwa mwezi

Tunafika kwenye Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ada ya sekondari za kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikawa inafidiwa na serikali. Fedha zikaanza kutumwa kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti za shule, bila kupitia halmashauri. Utaratibu huo ulipunguza mianya, na fedha zikafika kwa wakati kuliko awali. Watoto walifurika madarasani. Sina shaka kwamba miongoni mwao walikuwamo wengi wa aina ya yule jirani yangu.

Lakini tuiangalie hesabu yenyewe. Kiwango kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilibaki shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaenda shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Mwaka 2002 shilingi 10,000 zilikuwa takribani dola 10. Januari 2016 hazikufika dola 5. Waraka ulikuta 10,000 na ukaiacha 10,000.

Shule yetu ya wanafunzi 600 kwa kiwango hicho hupata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwalimu mmoja anayeanza kazi hulipwa zaidi ya hapo. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi, tena kwa mafungu yaliyokwishapangwa asilimia zake kutoka juu. Mlinzi na mpishi, ambao zamani walilipwa kwa michango, hawana fungu lao. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni kwa kauli kali, walimu wakuu wengi waliogopa hata kuitisha kikao kinachotaja fedha. Michango ya hiari haikukatazwa, lakini mwalimu aliyesimama katikati ya hiari na lazima aliona salama kunyamaza. Kamati zikanyamaza naye. Nadhani hapo ndipo kauli ya yule mama, kwamba choo serikali ikijenge yenyewe, ilipoota mizizi. Mama yule hakukosea. Alikuwa amesikiliza kwa makini alichoambiwa.

Madarasa yaliyokuja na ramani

Mtu ataniuliza: mbona mwaka 2021 fedha nyingi zilishuka hadi shuleni? Ni kweli. Kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19, uliofikia shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Kazi ilifanywa kwa utaratibu ambao watumishi wanauita fosi akaunti: shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa mahali badala ya kumpa kazi mkandarasi. Kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi ziliundwa na kutia saini.

Ninaiheshimu kazi hiyo, na madarasa yanaonekana. Lakini tuseme wazi ni madaraka ya namna gani yaliyotolewa. Idadi, ramani, kiasi na tarehe ya kukamilisha viliamuliwa juu. Kamati iliyopokea milioni 40 kwa madarasa mawili haikuwa na ruhusa ya kusema, "Sisi tunaomba darasa moja na vyoo." Jambo ambalo haikuweza kulichagua ililazimika kulitolea hesabu kwa mkaguzi. Katika miaka ya 1980 kamati zilikuwa na uamuzi bila fedha. Safari hii zilipata fedha bila uamuzi.

Bodi za sekondari zina kasoro ileile kwa sura nyingine. Uteuzi wa wajumbe wake hupita katika ngazi za mamlaka zilizo juu ya shule, na mara nyingi wanaoteuliwa ni watu wa heshima zao ambao hawana mtoto hata mmoja pale. Na katika shule zote, gharama kubwa kuliko zote, yaani mishahara ya walimu, imo mikononi mwa hazina na vyombo vya utumishi. Sipendekezi kurudi enzi ya halmashauri zilizoshindwa kulipa walimu. Ninataka tu tukiri kwamba tunapoitaja kamati kama msimamizi wa shule, tunazungumzia sehemu ndogo sana ya mkoba.

Tufanye nini

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ninaleta mambo matatu. La kwanza, kiwango cha ruzuku kifungwe na bei za soko kwa kanuni, kipitiwe kila mwaka, kisisubiri huruma ya bajeti. Kiwango kisichobadilika wakati bei zinapanda ni kiwango kinachopunguzwa kimyakimya. La pili, sehemu ya ruzuku, hata ikiwa theluthi moja, iachwe huru kwa kamati kuipanga kulingana na hali yake. Shule moja shida yake ni choo, nyingine ni uzio, nyingine ni uji wa saa nne. La tatu, waraka utofautishe kwa lugha nyepesi mchango wa hiari na mchango wa lazima, na useme bila kumung'unya kwamba mtoto hataguswa kwa vyovyote, lakini mzazi anaweza kuitwa, kuulizwa na kushirikishwa.

Kwa wanaharakati: tumekuwa hodari wa kudai bajeti ya elimu iongezwe, na ni sawa. Tudai pia kwamba ikiongezwa isiishie kwenye miradi yenye ramani moja kwa nchi nzima. Kwa wanafunzi wangu, ambao wengi wenu mtakuwa maofisa elimu na watendaji wa kata: mtakapofika kwenye shule, kabla ya kuangalia madarasa, ombeni daftari la mihtasari ya kamati. Hesabuni ni mara ngapi katika mwaka kamati iliamua jambo na jambo hilo likafanyika kwa sababu iliamua.

Baba yangu sasa ni mzee. Nilipomsimulia habari za kikao chetu aliniuliza swali moja tu: "Mlikuwa wangapi?" Nikamwambia 25, kati ya wazazi wa watoto 600. Akatikisa kichwa. Nikataka kumkumbusha siku zile nne nilizokaa nyumbani, nikajizuia. Nina hakika anazikumbuka.

Barua yetu kwa mkurugenzi haijajibiwa. Wasichana wanatumia choo cha wavulana kwa zamu. Kikao kijacho kimepangwa baada ya likizo, na nimemwomba mwenyekiti aweke ajenda moja: tusomewe mapato ya mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, kabla ya kuzungumza juu ya jambo jingine lolote.